Namna ya Kukagua Bembea Kuukuu ya Kuzunguka Kabla ya Kuamua Kuikarabati au Kuibadilisha

Kiangazi kilichopita nilimsaidia mwenye kiwanja cha watoto hapa Kigoma kukagua bembea ya kuzunguka yenye mikono 6 na viti 12 vinavyoning'inia kwa minyororo, ambayo ilikuwa imefanya kazi kwa zaidi ya miaka 15. Mwongozo huu unafuata mpangilio wa kazi ile. Ifanye kati ya Juni na Septemba, wakati chuma ni kikavu.

Hatua ya 1: Umeme. Zima swichi kuu, toa fyuzi uiweke mfukoni mwako mwenyewe, kisha vua mkanda wa mota.

Hatua ya 2: Minyororo na bolti. Pima pete za mnyororo kwa kalipa (kifaa cha kupimia unene) mahali zinaposuguana, wala si ubavuni, kwa sababu huko ndiko zinakolika. Kwa minyororo ya kuinulia mizigo, pete iliyopungua asilimia 10 ya unene wake huondolewa kazini, nami sioni kwa nini mtoto apewe kipimo hafifu kuliko gunia. Pete ya milimita 8 ikifika 7.2, badilisha mnyororo mzima. Bolti ziwe zimegongwa alama ya 8.8 (daraja la uimara wa chuma) kichwani, na nati za kujikaza zenye nailoni zisirudiwe zikishafunguliwa.

Hatua ya 3: Beringi. Inua uzito kwa jeki, zungusha kwa mkono, usikilize. Tumia grisi safi. Oili chafu ya gari hubeba unga wa chuma na masizi, na haifai hata kwa wiki moja.

Hatua ya 4: Ndani ya mikono. Hapa ndipo tulipopoteza siku mbili nzima. Bembea ilikuwa ikigonga mara moja katika kila mzunguko, nasi tukaamini kwamba tatizo ni beringi. Tukaibadilisha, tukafunga kila kitu, na mlio wa kugonga ukabaki vilevile. Kumbe ulitoka kwenye mkono mmoja, uliokuwa na ufa uliofunguka na kujifunga kila ulipopita upande ambao mlingoti (nguzo ya katikati inayobeba mikono) umeinamia. Rangi ya mkono huo ilikuwa inang'aa. Bomba likipata kitundu kwenye kona ya welding hupokea maji ya mvua kuanzia Novemba hadi Aprili, na kama mikono imeinuka kuelekea nje, kama ilivyokuwa hii, maji hurudi nyuma na kutuama karibu na mlingoti, mahali palepale ambapo mzigo ni mkubwa kuliko kwingine kote. Kutu hula chuma kutoka ndani, na rangi ndiyo ya mwisho kuonyesha dalili.

Anza kwa kugonga bomba kwa nyundo ndogo, ukitoka nje kuelekea mlingotini. Chuma kizima hulia kwa sauti kali, na kilicholiwa hutoa sauti nzito iliyokufa. Hata hivyo, maji yaliyomo ndani au tabaka nene za rangi pia huua sauti, kwa hiyo usitoe hukumu kwa sikio peke yake. Toboa tundu la milimita 5 upande wa chini kabisa wa bomba, umbali wa kiganja kutoka kwenye welding. Kwetu yalitoka maji mekundu kama chai ya rangi, karibu kikombe kizima. Kisha kunja ncha ya waya mwembamba iwe ndoano, iingize, inase ukingo wa ndani, weka alama kwenye waya usawa wa uso wa nje, halafu upime. Rudia upande wa juu ili upate unene wa asili. Sisi tulipata milimita 3 juu na 1.1 chini. Mwenye kifaa cha kupima unene kwa mawimbi ya sauti hana haja ya kutoboa.

Kwa nyufa, ondoa rangi kwa brashi ya waya. Grainda (mashine ya kusaga chuma) usiitumie hapa, kwani hupaka chuma juu ya ufa na kuuziba. Paka mafuta ya taa kwenye welding, subiri nusu saa, futa hadi pakauke kabisa, kisha sugua chaki nyeupe. Mafuta yaliyojificha kwenye ufa hupanda na kuchora mstari mweusi. Wetu ulikuwa na urefu wa kidole gumba. Fanya hivyo mahali pa wazi, mbali na cheche, na kumbuka kwamba njia hii huonyesha tu nyufa zilizofika juu ya uso.

Nasisitiza hatua hii kwa sababu tarehe 26 Julai 2017, katika maonyesho ya jimbo la Ohio nchini Marekani, bembea kubwa iitwayo Fire Ball ilikatika ikiwa kazini. Kijana mmoja alifariki na watu 7 walijeruhiwa. Ilikuwa na umri wa miaka 18 na ilikuwa imeshakaguliwa. Mtengenezaji alieleza kwamba kutu ya ndani ilikuwa imepunguza unene wa boriti iliyobeba viti.

Hatua ya 5: Uamuzi. Sikubali kiraka, maana welding hutoboa bomba jembamba na kuacha ukingo mgumu unaozaa ufa mpya. Mkono uliopoteza robo ya unene ubadilishwe. Ikiwa miwili iko hivyo, badilisha yote, kwa kuwa yote imenyeshewa mvua ileile. Kama ni mlingoti, bembea hiyo imestaafu. Mikono mipya iachiwe tundu la kutolea maji upande wa chini. Angalia pia puli ya mota: mwenye bembea hii alikuwa ameweka kubwa zaidi ili izunguke mara 11 kwa dakika badala ya 8, na ongezeko hilo karibu huzidisha mara mbili nguvu inayovuta viti kwenda nje. Tulirudisha ya zamani.

Hatua ya 6: Majaribio. Funga mfuko wa mchanga wa kilo 50 kwenye kila kiti, izungushe kwa saa moja bila mtu ndani ya uzio, kisha rudia chaki kwenye kila welding mpya.