Somo: Kuweka redio ya kisasa kwenye gari la spoti la zamani bila kukata waya hata mmoja

Magari ya spoti ya miaka ya 1980 na 1990 yanazidi kuadimika yakiwa mazima. Ukifungua dashibodi za mengi utakuta jeraha lilelile: plagi ya kiwandani imekatwa, nyaya zimesokotwa kwa vidole na kuzungushiwa tepu ambayo gundi yake imeshageuka ute mweusi. Inaniuma kila ninapoliona. Redio ya kisasa inaingia vizuri tu bila uharibifu huo, na somo hili linaeleza namna ya kuifunga ili siku ukitaka kurudisha ile ya kiwandani uchomeke plagi na kukaza skrubu, basi.

Kabla hujanunua chochote

Pima tundu. DIN ni kipimo sanifu cha tundu la redio: redio ya DIN moja ina uso wa milimita 180 kwa 50, na DIN mbili ni 180 kwa 100. Mazda MX-5 ya kwanza, iliyotoka 1989, ina nafasi ya DIN mbili. Porsche 944 na BMW E30 ni DIN moja, na usikubali ushauri wa kupanua tundu kwa msumeno ili skrini kubwa ienee.

Pima na kina pia, maana watu wengi husahau. Nyuma ya redio kwenye magari haya madogo hupita mabomba ya hewa na fungu la nyaya, na redio yenye sehemu ya CD inaweza kugoma kuingia sentimita mbili za mwisho. Redio isiyo na CD huwa fupi zaidi. Mimi ningechukua hiyo bila kujiuliza mara mbili.

Kama gari lako ni la zamani zaidi, angalia bodi imeungwa upande gani wa betri. MGB za 1962 hadi 1967, kwa mfano, zilitoka na chanya kwenye bodi. Redio ya leo inategemea bodi iwe hasi, kwa hiyo kasha lake likigusa chuma cha gari kama hilo ni shoti ya moja kwa moja. Gari la namna hiyo hugeuzwa mfumo kwanza kwa utaratibu wake, ndipo redio ifuate.

Vifaa: mita ya umeme, bisibisi, funguo za kuchomolea redio kama ina vitundu pembeni mwa uso, vijiti vya plastiki vya kubandulia, na adapta ya waya iliyotengenezwa kwa modeli yako. Ongeza adapta ya antena na viunganishi vya kubana pamoja na koleo lake.

Hatua ya 1: Kodi na betri

Redio nyingi za kiwandani za wakati ule zina kodi ya usalama, yaani namba ya siri ya kuiwashia. Iandike kabla hujagusa betri, hata kama unaitoa redio hiyo, maana bila kodi haitawaka tena. Kisha fungua nati ya upande wa hasi na uusogeze waya mbali. Gari likiwa na mfuko wa hewa, subiri muda uliotajwa kwenye kitabu cha gari kabla ya kufungua dashibodi, na plagi za njano usiziguse kabisa.

Hatua ya 2: Kufungua dashibodi

Hapa subira ndiyo kifaa. Plastiki iliyokaa juani miaka 30 imekauka, na vidole vyake vya kushikia huvunjika bila onyo. Ipashe kwa mashine ya kukaushia nywele, ukiisogezasogeza usichome sehemu moja, hadi ukigusa kwa kiganja uhisi uvuguvugu. Ingiza kijiti cha plastiki pembeni mwa skrubu au kidole cha kushikia, si katikati ya paneli, uinue kidogo, uhamie upande wa pili, urudi. Paneli ikigoma, jua kuna skrubu hujaiona. Mara nyingi imejificha nyuma ya tundu la hewa, chini ya kisahani cha majivu, au pembeni karibu na zulia. Usivute kwa hasira.

Ikiachia, usiitoe mara moja. Ingiza mkono nyuma utafute plagi za kiberiti cha sigara, swichi ya hazadi na taa, uzichomoe moja moja. Piga picha kila hatua. Redio yenyewe ina skrubu za pembeni au inachomolewa kwa funguo, na baadhi zina boliti nyuma iliyoshikwa na bati.

Hatua ya 3: Kuzijua nyaya

Hii ndiyo kazi yenyewe, mengine ni bisibisi tu. Usiamini rangi za nyaya za gari, na usiamini mchoro peke yake kama gari limeshapita mikono mingi. Pima.

Rudisha betri, plagi ya redio ikiwa inaning'inia bila kugusa chuma. Weka mita kwenye volti, ncha nyeusi kwenye chuma safi cha bodi. Ufunguo ukiwa umetolewa, waya utakaoonyesha takriban volti 12 ni ule wa kudumu, unaotunza stesheni na saa. Geuza ufunguo hatua ya kwanza: waya mpya utakaopata umeme ndio wa kuwashia. Washa taa ndogo: wa tatu ni wa kuangazia vitufe. Kisha toa betri tena, weka mita kwenye omu, utafute ethi, yaani waya unaorudi kwenye bodi, ambao husoma karibu na sifuri dhidi ya bodi.

Sasa spika. Spika nzima ya omu 4 husoma kati ya 3 na 4 kwenye mita. Ukishapata jozi, pima kila waya wa jozi hiyo dhidi ya bodi. Mita isionyeshe muunganiko wowote. Ikionyesha karibu na sifuri kwa waya mmoja, gari lako ni la mtindo wa zamani ambapo upande wa hasi wa spika umefungwa kwenye bodi. Redio za leo haziruhusu hilo kabisa: nyaya zote mbili za spika zinabeba sauti na hakuna iliyo ethi. Ukiunga upande mmoja kwenye bodi, redio itajizima kwa kujilinda au amplifaya yake ya ndani, yaani kikuza sauti, itaungua. Dawa ni kupitisha jozi mpya ya nyaya hadi kwenye kila spika, na zile za zamani uziache mahali pake.

Kujua chanya na hasi ya spika, chukua betri ndogo ya volti 1.5 na uguse nyaya kwa sekunde moja tu. Koni ikisukumwa nje, waya ulio kwenye chanya ya betri ndio chanya ya spika. Ikivutwa ndani, ni kinyume. Usilipuuze hili, kwani spika moja ikiungwa kinyume na mwenzake besi hufifia na sauti huonekana haina mahali inapotokea.

Hatua ya 4: Unga adapta mezani

Adapta ina pande mbili: mmoja unaingia kwenye plagi ya gari kama ilivyotoka kiwandani, wa pili unaungwa na nyaya za redio mpya. Kwa hiyo maungio yote yanakuwa kwenye kitu cha kununuliwa dukani, gari haliguswi.

Rangi za redio nyingi za kununua ni hizi: njano ni umeme wa kudumu, nyekundu ni wa ufunguo, nyeusi ni ethi, buluu ni antena, buluu yenye mstari mweupe ni ya kuamsha amplifaya, chungwa ni taa. Nyeupe ni spika ya mbele kushoto, kijivu ya mbele kulia, kijani ya nyuma kushoto, zambarau ya nyuma kulia. Yenye mstari mweusi ni hasi ya jozi yake.

Mimi nabana kwa viunganishi na koleo lililotengenezwa kwa kazi hiyo. Kuchomea kwa risasi ya kulehemu nako ni kuzuri ukijua unachofanya, ila waya hukakamaa pale risasi inapoishia, na kwenye gari linalotikisika huweza kukatikia hapo. Kusokota na kufunga tepu hapana. Mahali popote, kwa sababu yoyote, hapana.

Antena ya mota inahitaji uangalifu: waya wa buluu wa redio haukuundwa kuendesha mota, bali kutoa ishara. Kama antena ya gari lako inachukua umeme wa mota kupitia waya huo, weka rilei katikati, yaani swichi inayowashwa na ishara hiyo na kupitisha umeme wa mota.

Hatua ya 5: Jaribu, kisha funga

Unga kila kitu redio ikiwa nje. Sikiliza spika moja moja kwa kuhamisha sauti mbele, nyuma, kushoto, kulia. Zima ufunguo, subiri, washa tena uone kama stesheni zimebaki. Hapo ndipo uingize fremu na redio, ukisukuma nyaya pembeni, mbali na vijiti vya kuendeshea hita. Shikilia nyuma ya redio kwa bati lake, maana redio inayoning'inia kwa mbele tu itagonga kwenye kila shimo la barabara.

Maswali ya wanachama

*Swali: Fundi, redio inawaka vizuri lakini nikizima gari inasahau stesheni zote. Nimekosea wapi?*

Waya wa njano na mwekundu vimebadilishana. Kwenye plagi ya ISO, ile sanifu ya magari mengi, pini A4 ni umeme wa kudumu na A7 ni wa ufunguo, ila baadhi ya Volkswagen na Audi zimegeuza. Adapta nyingi zina viunganishi viwili katikati vya kubadilishana hapohapo. Pima kwanza, kisha hamisha.

*Swali: Kaka, kuna mlio mwembamba unaopanda nikikanyaga mafuta. Nimebadilisha redio, bado upo.*

Huo unatoka kwenye altaneta, jenereta inayochaji betri, na kuingia kupitia ethi mbovu. Peleka waya mweusi kwenye chuma kilichosuguliwa hadi king'ae, si kwenye skrubu ya plastiki ya dashibodi. Kama una amplifaya nyuma, nyaya za sauti zipite upande mmoja wa gari na waya wa umeme upande mwingine.

*Swali: Imeandikwa wati 50 mara nne. Spika zangu za kiwandani zitapasuka?*

Namba hiyo ni ya kilele. Nguvu ya kudumu ya redio kama hiyo huwa kati ya wati 14 na 22 kwa kila spika. Lakini dada, kagua spika zenyewe: sponji inayozunguka koni huoza kwa umri. Ukiigusa ikamomonyoka, badilisha spika kabla ya kulaumu redio.

*Swali: Betri inakufa gari likikaa siku chache.*

Gari likiwa limezimwa na milango imefungwa, weka mita kwenye ampea, katikati ya nguzo ya hasi na waya wake, usubiri usomaji utulie. Chini ya miliampea 50 ni sawa. Zaidi ya hapo chomoa fyuzi ya redio; ikishuka ghafla, umeunga waya mwekundu kwenye umeme wa kudumu, au amplifaya haizimiki.

*Swali: Sitaki skrini inayong'aa kwenye gari la 1985. Kuna njia?*

Ipo, na nakuunga mkono. Porsche ilitoa mwaka 2020 redio ya DIN moja kwa magari yake ya zamani, yenye vitufe vya mzunguko na sura ya wakati ule. Kuna watengenezaji wengine pia wa sura hiyo. Njia ya pili ni kumpa fundi wa elektroniki redio yako ya asili aongeze Bluetooth ndani, uso ukabaki vilevile.

*Swali: Langu ni Corvette ya 1986 yenye mfumo wa sauti wa Bose. Adapta ya kawaida itafanya kazi?*

Hapana, mkuu. Kwenye mfumo huo kila spika ina amplifaya yake ndani ya boksi lake, kwa hiyo nguvu ya spika kutoka kwenye redio mpya haitakiwi kufika pale. Una njia mbili: adapta maalumu ya mfumo wa Bose inayoshusha ishara, au kutoa maboksi yote manne na kuweka spika za kawaida zenye nyaya mpya. Kama amplifaya zote nne bado nzima na hazitoi mikwaruzo, anza na adapta. Ikiwa mbili zimeshaanza kukwaruza, toa zote kwa mkupuo na uyahifadhi maboksi, yanatengenezeka.