Shata za nje za madirisha Mombasa: mambo ya kuangalia kabla ya kumwita seremala

Izunguke nyumba yako asubuhi, kisha alasiri, uone jua linaingilia wapi. Mombasa iko takriban digrii 4 kusini mwa ikweta, kwa hivyo jua la adhuhuri huwa karibu utosini na ukingo wa paa hulizuia bila taabu. Linalotesa ni la pembeni: la asubuhi upande wa mashariki, na zaidi lile la alasiri, linalokuta kuta zimeshapata moto. Pesa zisipotosha nyumba nzima, weka shata, yaani vile vifuniko vya dirisha vinavyofunguka kwa nje, kwenye vyumba vya kulala vinavyotazama magharibi, kwingine kusubiri. Pazia zito halitakufaa sana hapo, maana jua likishapita kioo joto limeshaingia.

Kisha fikiria upepo. Kusi hutokea upande wa kusini na kusini-mashariki, na wakati wa masika huipiga mvua mshazari. Shata ya ubao mzima itaizuia mvua hiyo, lakini itakuzibia na upepo, na kulala bila upepo Mombasa mwezi wa Machi ni adhabu. Ndiyo maana mimi nashikilia luva, zenye vibao vilivyoinama kuelekea nje. Sampuli ipime kwa macho: tazama moja kwa moja kati ya vibao, na ukiona upande wa pili, mvua nayo itapita. Luva za kugeuza zinapendeza dukani, ila vile vijiti na pini zake hushikwa na chumvi na vumbi. Karibu na bahari, chukua zisizogeuka.

Jambo linalosahauliwa zaidi ni grili. Ikiwa imefungwa usawa wa ukuta wa nje, au inatokeza, shata haitapata pa kukaa. Na hata shata ikienea, utaifungaje kutoka ndani? Mkono lazima upite kwenye grili na ufikie komeo. Wavu wa mbu nao ni hivyo hivyo: luva hazizuii mbu, kwa hiyo wavu utabaki, na lazima uwe wa kufunguka. Ukiugongelea misumari, shata itabaki wazi mwaka mzima. Pima pia ukuta wa pembeni, maana kila upande wa shata unahitaji nafasi ya kulala ukiwa wazi, na bomba la maji au mashine ya kiyoyozi (AC) ikiwa hapo, imeshindikana. Dirisha la chini kwenye kichochoro lisifunguke usawa wa uso wa wapita njia.

Kwa mbao, mvule ndio wenyewe: mchwa hauuwezi kirahisi na unyevu unaustahimili. Ni ghali na ni mzito. Saiprasi ni nafuu, lakini itiwe dawa, na rangi ipakwe pande zote kabla ya kufungwa, hasa ncha za mbao, kwa sababu maji huanzia huko. Alumini haiozi wala hailiwi na mchwa, ila huhitaji kuoshwa chumvi kwa maji yasiyo ya chumvi, na skrubu za chuma cha kawaida zikikutana nayo kwenye hewa ya bahari, huliana.

Usibane pesa kwenye bawaba. Hapo ndipo shata nyingi hufia, mbao zikiwa bado nzima. Chuma cha kawaida kitatoa kutu na kuuchora ukuta. Ulizia stenlesi ya gredi 316, au shaba halisi, na uende dukani na sumaku: "shaba" inayonasa sumaku ni chuma kilichopakwa. Nyumba yako ikiwa ya mawe ya matumbawe na chokaa, usikubali boliti fupi za kutanuka, kwani ukuta huo hubomoka. Afadhali fremu ya mbao iliyozama ukutani.

Walio Mji wa Kale wana hatua moja zaidi. Hilo ni eneo la hifadhi, na uso wa nyumba haubadilishwi kiholela. Pitia kwanza ofisi ya uhifadhi ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya. Mpangaji naye apate ruhusa ya mwenye nyumba, kwa maandishi.

Ukishakubaliana na fundi, mwagize dirisha moja tu kwanza, lipite masika, ndipo umlipie yaliyobaki. Shata ikianza kuinama na kukwaruza chini, angalia bawaba kabla ya kulaumu mbao.