Kusafisha Hedi ya Injini kwa Kupulizia Soda, Hatua kwa Hatua

Hedi ya alumini, yaani kichwa cha injini kinachofunika silinda, kama ile ya injini ya Toyota 1NZ iliyomo kwenye Vitz, Ist na Probox, haitaki brashi ya waya wala grainda. Alumini ni laini, na mkwaruzo mmoja kwenye uso wa gasketi unaweza kupitisha maji au kompresheni. Kupulizia mchanga ni kubaya zaidi. Punje zikibaki kwenye kijia cha oili, siku ukiwasha injini zitasukumwa hadi kwenye beringi, na shanga za kioo ni hivyo hivyo. Soda, unga unaorushwa kwa hewa ya kompresa, hupasuka inapogonga chuma, na mabaki yake huyeyuka kwenye maji. Kwa sababu hiyo naiamini ndani ya injini, na kwa sababu hiyo hiyo nitakaa zaidi kwenye kuosha.

Kwanza, soda ipi? Ni bikaboneti ya sodiamu, yaani bekingi soda ya keki na mandazi. Ugumu wake ni kama 2.5 kwenye kipimo cha Mohs. Mchanga wa kwatzi ni 7. Usinunue magadi ukidhani ni kitu kimoja. Magadi yana kaboneti ya sodiamu kwa wingi, ni makali zaidi, na yakilowa yanaanza kuila alumini. Soda kali ya kuzibulia mabomba usiisogeze kabisa karibu na hedi. Soda iliyotengenezwa kwa kupulizia ina punje kubwa, inatiririka vizuri na inakata haraka. Ya jikoni inaganda upesi kwenye mpira wa kupitishia soda, ila kwa kabureta ya pikipiki na bunduki ndogo ya kupulizia, ya kunyonya, inatosha.

Hatua ya 1: Vua kila kitu. Valvu, springi, oili sili, kamshafti, plagi, sensa, kila kipande cha mpira. Weka alama kwenye valvu ili kila moja irudi kwenye siti yake. Kama injini ni ya zamani, gasketi yake huenda ina asbesto: iloweshe, ibandue ikiwa bado mbichi kwa kikwangulio cha plastiki, wala usiipulizie hewa.

Hatua ya 2: Toa grisi. Soda ikikutana na oili inageuka uji unaong'ang'ania pembeni na kuziba kila tundu. Sugua kwa mafuta ya taa, osha kwa maji moto na sabuni, kisha kausha mpaka ndani ya vijia. Fundi mwenye haraka huiruka hatua hii, halafu anailaumu soda.

Hatua ya 3: Ziba. Vijia vya oili, njia za maji, matundu ya bolti na gaidi za valvu (vimirija ambamo valvu hupanda na kushuka). Bolti kuukuu zinafaa kwenye matundu yenye nyuzi; kwingine tumia vizibo vya mpira. Najua soda inayeyuka, lakini ikishindiliwa kavu ndani ya kijia chembamba inakuwa donge, na maji hupita juu yake tu.

Hatua ya 4: Kausha hewa. Fungua koki ya chini ya tangi la kompresa utoe maji, kisha funga kichujio cha maji karibu na bunduki. Dar es Salaam au Mombasa, ambako hewa yenyewe imelowa, toa maji tena katikati ya kazi. Kompresa ndogo itakata pumzi, kwa hiyo isubiri ijae, usipulize kwa presha iliyokwisha.

Hatua ya 5: Jikinge. Miwani inayofunga pande zote, glavu, kinga ya masikio na maski yenye kichujio cha vumbi. Soda haina silika ya kuharibu mapafu kama mchanga, ila vumbi linaloruka limebeba kaboni na uchafu wote wa injini. Fanyia kazi sakafuni au juu ya turubai, mbali na bustani, maana soda nyingi huua majani.

Hatua ya 6: Puliza. Anza na presha ya psi 40, upande taratibu hadi 60 kama kaboni imekomaa. Shika bunduki sentimita 20 hivi kutoka kwenye hedi, kwa mshazari, na mkono usisimame. Kaboni ya kwenye chemba inabanduka kwa tabaka. Kwenye siti za valvu na uso wa gasketi pita haraka tu. Soda iliyotumika usiirudishe kwenye chombo, kwa kuwa imeshakuwa vumbi na haikati tena.

Hatua ya 7: Osha. Toa vizibo vyote, pitisha hewa, kisha maji moto yenye sabuni na brashi nyembamba katika kila kijia, na maji safi mpaka yatoke kama yalivyoingia. Kipimo ninachokitegemea ni siki. Dondoshea kidogo kwenye pembe na matundu. Ikitoa povu, soda bado ipo, rudia. Kisha isuuze siki yenyewe, isikae juu ya alumini.

Wenzetu wa Marekani walilionja hili kwenye Sanamu ya Uhuru, New York, katika ukarabati uliokamilika 1986. Walitumia soda kutoa lami ndani ya ganda la shaba lenye unene wa milimita 2.4 hivi, na shaba ikasalimika. Lakini soda iliyopenya kwenye maungio ikaanza kubadili rangi ya nje, ikabidi ioshwe kwa maji.

Hatua ya 8: Kabla ya rangi. Soda inaacha uso laini, na rangi inataka pa kushika. Kava ya valvu au breketi ikwaruze kwa msasa kwanza. Kama inakwenda kwenye rangi ya unga ya kuokwa, rudia kipimo cha siki, kwa sababu soda iliyojificha hutoa gesi ndani ya joko na kuacha vitundu kwenye rangi. Kutu soda haiitoi vizuri. Manifoldi ya ekzosi iliyoliwa na kutu itafutie njia nyingine.

Valvu na vipande vyote vya chuma vipake oili mara tu vinapokauka. Hedi ambayo hutaifunga leo ifunge kwenye nailoni safi, na kabla ya kuifunga kwenye bloku pitisha hewa tena kwenye vijia vyote.