Kusanifu changarawe iliyochanganywa na emalsheni ya lami: hesabu maji kwanza

Chini ya lami iliyochoka ya barabara nyingi za zamani kuna kokoto ambazo bado ni nzima. Hakuna haja ya kuzibeba kwenda kuzitupa. Zinasagwa palepale, zinatiwa emalsheni (matone ya lami yaliyotawanywa ndani ya maji) na saruji kidogo, kisha zinashindiliwa kuwa tabaka la msingi. Kitabu cha usanifu cha Wizara ya Ujenzi ya Tanzania cha 1999 kinalitambua tabaka hili kwa jina BEMIX. Vipimo vinavyofuata hapa ni vya mwongozo wa Afrika Kusini, TG2, toleo la 2009, kwa sababu ndio unaoeleza usanifu wake kwa kina.

Hatua ya 1: Jua ulichonacho. Chimba mashimo ya majaribio, chekecha, pima unyumbufu. PI (namba ya unyumbufu) ikizidi 10, tibu kwanza kwa chokaa. Kama mashine itasaga na lami ya zamani, iweke kwenye sampuli kwa uwiano uleule. Watu husahau hili, halafu wanashangaa tingatinga lilipoanza kazi matokeo hayafanani na ya maabara.

Hatua ya 2: Chagua emalsheni. Tafuta ile thabiti, ya kukatika polepole (lami isitengane na maji upesi), yenye lami asilimia 60. Changanya kidogo na changarawe yako, ukitumia maji ya saiti, si ya bomba la maabara. Ikikatika kama maziwa kabla hujamaliza kukoroga, irudishe kwa muuzaji.

Hatua ya 3: Hesabu vimiminika. Hapa ndipo usanifu wenyewe ulipo. Kabla haijakatika, emalsheni yote, maji yake na lami yake, inalainisha mchanganyiko wakati wa kushindilia. Kwa hiyo iingize nzima kwenye hesabu ya unyevu unaofaa.

Chukua kilo 10 za changarawe kavu. Unataka lami halisi asilimia 2, yaani gramu 200. Gawanya kwa 0.6: emalsheni gramu 333. Unyevu unaofaa kushindilia ni asilimia 7, yaani gramu 700. Changarawe iliyoanikwa tayari ina asilimia 2, gramu 200. Maji ya kuongeza ni 700 − 200 − 333 = gramu 167 tu. Ukipuuza emalsheni ukaongeza gramu 500, utapata uji usioshindilika.

Hatua ya 4: Saruji au chokaa. Tengeneza seti tatu: bila kitu, chokaa asilimia 1, saruji asilimia 1. Usipite asilimia 1, wala usiache saruji iizidi lami. Mkandarasi atakusihi uongeze ili ipate nguvu haraka. Kataa. Ukikubali umejenga tabaka la saruji lenye nyufa zake, na pesa ya lami imepotea bure.

Hatua ya 5: Shindilia, kausha, vunja. Sampuli za kipenyo cha milimita 100, nyundo ya Marshall (nyundo sanifu ya maabara ya kushindilia) mapigo 75 kila upande. Ziweke kwenye oveni nyuzi 40 kwa saa 72. Nusu zivunje zikiwa kavu. Nusu zilowe saa 24 kwenye maji ya nyuzi 25 kwanza. Nguvu ya kuhimili mvutano ni 2P/(πdh): P ni mzigo uliovunja sampuli, d kipenyo, h kimo. Kwa sampuli ya kimo cha milimita 63.5, kila kilonewtoni 1 ni karibu kPa 100, kwa hiyo unaweza kusoma jibu ukiwa bado mbele ya mashine.

Hatua ya 6: Chagua kiwango cha lami. Jaribu asilimia 1.6, 2.0 na 2.4. Daraja la juu la TG2, BSM1, linadai kPa 225 kavu na 100 iliyolowa. Mimi huanza na iliyolowa, maana kavu hupita kirahisi. Chukua kiwango cha chini kabisa kinachofaulu. Iliyolowa ikiwa chini ya nusu ya kavu, badilisha saruji kwa chokaa, au kinyume chake, kabla ya kuongeza lami. Lami ndiyo inayokula bajeti.

Barabara itakayobeba zaidi ya ekseli sanifu milioni 6 (kipimo cha jumla ya mizigo ya magari), usiishie hapo. Fanya jaribio la mgandamizo wa pande tatu, utafute mshikamano wa kPa 250 na pembe ya msuguano ya nyuzi 40.

Ukifika saiti, magari mepesi yanaweza kupita mapema, lakini lami ya juu isubiri. Chimba kidogo upime unyevu. Ukiwa bado karibu na ule wa kushindilia, mwambie msimamizi asifunike.