Gia za kupandia Lushoto: hesabu meno kwanza

Barabara ya Mombo hadi Lushoto, mkoani Tanga, ni zaidi ya kilomita 30, na karibu yote ni mlima na kona. Mara ya kwanza niliipanda na baiskeli ya mtumba yenye gia 21. Nilifika Soni, katikati ya njia, naikokota. Wingi wa gia si hoja, angalia ile nyepesi kuliko zote.

Pindua baiskeli, matairi juu. Hesabu meno ya sahani ndogo ya mbele, gawa kwa meno ya sahani kubwa kabisa ya nyuma. Yangu ilikuwa 28 kwa 28, yaani 1: kwa tairi la inchi 26, mzunguko mmoja wa pedeli unakusogeza kama mita 2. Ukiwa na mzigo, hiyo ni nzito. Tafuta jibu lisilozidi 0.8. Mimi niliweka 22 mbele na 34 nyuma, nikapata 0.65 hivi. Sasa napanda nimekaa, kiroba cha viazi kikiwa kwenye keria.

Ila ukibadili sahani, cheni ipimwe upya! Fundi aivalishe sahani kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma kwa pamoja, akizungusha pedeli polepole kwa mkono. Ikikaza, aongeze pingili. Yangu haikupimwa, ikang'oa mkono wa gia wa nyuma njiani.

Una baiskeli ya gia moja, yenye 44 kwa 18? Ulizia friwili (sahani ya nyuma) ya meno 22. Kwenye mlima mkali bado utashuka ukokote, lakini vilima vya kawaida utavimaliza.