Udongo wa Shamba la Babu: Kwa Mnaokwenda Kusomea Akiolojia ya Mandhari Uingereza

Sanduku langu lilikuwa na vifuko 23 vya zipu. Kila kimoja nilikiandika kwa maka peni: ndiva (bwawa la kienyeji la kumwagilia) ya juu, sentimita 20 hadi 30, ndiva ya juu, 30 hadi 40, na kuendelea mpaka kule chini kwenye tope jeusi. Wiki nne za Julai nilizimalizia kwenye milima ya Same, kaskazini mwa Tanzania, kukusanya huo udongo kwa ajili ya tasnifu yangu ya akiolojia ya mandhari, yaani kusoma alama ambazo watu wa zamani waliziacha kwenye ardhi. Afisa wa uwanja wa ndege akavaa glavu, akanyanyua kifuko kimoja kwa vidole viwili kama aliyeshika panya, akauliza ni nini. Nikamjibu kwa kujiamini kabisa: udongo wa shamba la babu yangu. Haikupita nusu saa nikawa natia saini karatasi ya kukubali viteketezwe vyote.

Ndugu zangu, udongo kutoka kwetu hauingii Uingereza bila leseni. Wanaogopa minyoo na magonjwa ya mimea. Hata kijiko kimoja. Hata ukiwa mkavu kama unga. Hata ukiwa na barua ya chuo inayosema wewe ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili, maana hiyo barua ninayo na haikunisaidia kitu. Kinachotakiwa ni maabara inayopokea iwe na leseni ya udongo wa nje, na nakala ya barua ya idhini isafiri pamoja na boksi lenyewe. Huku kwetu nako, kitu chochote cha kale kinahitaji kibali cha kutoka nchini. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ni ya mwaka 1964, kwa hiyo usijitetee kwamba hukuisikia.

Kilichoniuma zaidi ni hiki: maabara ya idara yetu leseni ilikuwa nayo miaka yote! Nilipomweleza msimamizi wangu, akasikitika kweli, kisha akasema, "Ungeniuliza." Kabla sijasafiri nilijaza fomu ya tahadhari yenye swali moja, kama nitasafirisha sampuli. Nikaweka hapana. Kichwani mwangu sampuli ni vigae vya vyungu na mifupa. Udongo ni udongo tu.

Hapa niwaseme kidogo wenyeji wetu Waingereza. Kwetu mzee akikuona unaelekea korongoni atakupigia kelele hata kama hakujui. Kule watakuacha uende, kwa sababu wanaheshimu uhuru wako, na ukishatumbukia watakuletea chai. Si ubaya wa roho, ndivyo walivyolelewa. Nami nilizidisha kwa heshima zangu: profesa rika la babu yangu anataka nimwite kwa jina lake la kwanza, mdomo ukagoma, nikaishia kutomwita kabisa, na usiyemwita huwezi kumuuliza. Uliza. Uliza tena kwa barua pepe ili jibu libaki. Wanaona ni bidii, hawaoni ni usumbufu.

Mtego wa pili ni pacha wa huo wa kwanza. Mjomba aliniambia, "Shamba letu, ndiva walichimba mababu zetu, nani atakuuliza kibali?" Mjomba wangu nampenda, na kwa habari ya maji ya mfereji hakuna wa kumshinda. Ndiye aliyenionyesha jinsi bwawa linavyojazwa usiku na kufunguliwa asubuhi kwa zamu. Lakini kwenye hili alinipoteza. Ukishakuwa mwanafunzi wa chuo cha nje, uzawa wako haukuvushi: kibali cha utafiti kinatoka kwenye tume au baraza la sayansi la nchi, Tanzania ni COSTECH, na ukitaka kufukua, Idara ya Mambo ya Kale pia, Kenya ni NACOSTI, Uganda ni UNCST. Kumjua mtendaji wa kata si kibali. Droni nayo ina kibali chake. Anza Januari kwa kazi ya Julai, maana kozi ni mwaka mmoja na haimsubiri mtu. Mimi kibali cha utafiti sikuwa nacho, kwa hiyo hata udongo ungevuka, idara isingeupokea.

Mambo ya viza mnayajua: kipimo cha kifua kikuu, ada ya afya pauni 776 kwa mwaka, na hela za matumizi zikae benki siku 28 mfululizo. Shangazi asikukopeshe siku ya 27 akazidai siku ya 29, na asizitoe katikati "kidogo tu". Tangu Januari 2024 wa uzamili wa darasani haendi na mke wala watoto. Waambieni wazazi mapema wasianze kufunga mizigo. Kazi ya kujipatia hela mwisho ni saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, na miezi ya tasnifu kiangazi kwa wengi wetu huhesabiwa muhula, si likizo. Hili limewaponza wengi.

Masomo yenyewe ni matamu. Mnapelekwa kwenye malisho ya kondoo mnaonyeshwa matuta ya wakulima wa enzi za kati, yamelala chini ya majani mpaka leo. Picha za laida za nchi yao, zinazopimwa kwa miale ya leza kutoka angani, zinazovua miti na kubakiza umbo la ardhi, wanazigawa bure. Njia ya miguu inakatiza shamba la mtu na mwenye shamba hana la kusema. Mtu asiyekusalimu kwenye lifti atakusalimu kwenye tope, mvua inanyesha, na atakwambia hali ya hewa si mbaya. Watagombana miaka kwa ajili ya ua wa miti ya miiba. Nikawaza mifereji yetu tunavyoimwagia zege bila hata kuipiga picha.

Tasnifu niliiokoa kwa picha za setilaiti na kwa picha za angani zilizopigwa na wapima ramani wa kikoloni kuanzia 1946. Hazina yake iko Edinburgh. Udongo wetu hauruhusiwi kuingia, ila sura ya milima yetu wameihifadhi kabatini muda wote huo. Sikulalamika, nilizihitaji.

Kwa hiyo kama bado hujaondoka, mwandikie meneja wa maabara (meneja, si profesa) kabla hujakata tiketi, umuulize leseni, barua ya idhini, na nani anapokea boksi. Na mizigo ya watu kagua mwenyewe. Chini ya vifuko vyangu 23 yule afisa alikuta cha 24 ambacho sikukijua: pemba, ule udongo wa kula wa wajawazito, mama alizichomeka kwa ajili ya binti wa shangazi mwenye mimba ya miezi mitano. Jaribu kumweleza Mwingereza aliyevaa glavu kwamba huu mwingine ni wa kutafuna.

Binti wa shangazi mpaka leo anaamini nilizila mimi.