Usiipake kutu modeli ya MiG-21

Wanaounda modeli (mfano mdogo) ya MiG-21, ndege ya kivita iliyowahi kutumiwa na jeshi la anga la Uganda, wengi huipaka kutu ili ionekane imezeeka. Msifanye hivyo. Ngozi ya ndege halisi ni aluminiamu, haishiki kutu nyekundu. Inachakazwa na mafuta, moshi na vumbi.

Rangi ya akriliki ikikauka, puliza vanishi ya kung'aa, uiache usiku kucha. Chagua siku kavu, maana mvua za Kampala huifanya vanishi ipate ukungu mweupe, na kuuondoa ni kazi. Kisha yeyusha rangi ya mafuta ya kahawia iliyoiva kwa tapentaini, iguse kwa brashi kwenye mistari ya maungio ya mabati, itatambaa yenyewe. Baada ya nusu saa futa kwa pamba ukitoka puani kuelekea mkiani, kama upepo unavyopita. Ukifuta ovyo jicho litagundua mara moja. Unga wa mkaa, wa kuonyesha moshi, uishie kwenye tundu la nyuma la injini.

Udongo wetu mwekundu, uliochekechwa kwa kitambaa, unapendeza sana, lakini kwenye matairi tu.

Kwa kipimo cha 1/72, yaani ndogo mara 72 kuliko ndege halisi, modeli ina urefu wa sentimita 20 hivi. Iweke ndani ya kisanduku cha kioo, mbali na dirisha lenye jua.